Sakafu ya Nyumba Yenye Watu

Gitau mwanangu,

Juma lililopita uliniuliza swali nikajifanya simu inakatika. Ulisema, "Mum, mbona fundi amemwaga simiti nyumba nzima na zile paipu bado ziko kwa stoo?" Nikaita halo, halo, sikusikii, nikakata. Nilikuwa nakusikia vizuri sana. Hata jogoo wa shosho, mama yangu, nilimsikia. Kesho unashuka Nairobi kupanda ndege ya Jeddah, na swali lako bado limekaa katikati yetu kama mgeni asiyeaga, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, nikutumie kwa simu usome kabla hujapanda. Nimemaliza kupiga pasi mapema. Nimeketi chini sebuleni kwa madam hapa Riyadh, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, na sakafu ina joto.

Habari za pasipoti, chanjo na kutunza ikama yako, kile kibali cha kuishi huku, sitaziandika. Rehema, rafiki yangu wa Mombasa aliye Jeddah, ameshakutumia zile voisi zake ndefu, na najua umesikiliza nusu. Maagizo huwa hayakuingii. Hilo umelitoa kwangu, kwa hiyo siwezi kukulaumu.

Nataka kukusimulia habari ya sakafu hii. Umekua ukiisikia kwa simu, vipande vipande, kama hadithi ya kulalia, na hujawahi kuisikia yote.

Nilikutana nayo mara ya kwanza Olaya, kule kwenye maduka makubwa. Nilikuwa mgeni bado, sijazoea kuitwa Maryam badala ya Mary. Madam alikuwa anajenga hii nyumba, akanichukua dukani nimbebee mtoto. Duka lilikuwa la mabafu, marumaru na milango, na katikati walikuwa wametengeneza kipande cha sakafu cha ukubwa wa kitanda. Muuzaji akawa anawaambia wateja wavue viatu wakanyage. Madam alikanyaga, akacheka, akaniambia, "Yalla, Maryam, na wewe." Nikavua. Gitau, nilikuwa nimetoka Kinangop, ambako ukishuka kitandani asubuhi unatembea kwa visigino. Nilipoweka nyayo pale, kitu kilipanda toka vidoleni hadi kooni. Hakikuwa moto. Lilikuwa joto la mahali ambapo mtu amelala, akaamka sasa hivi, akakuachia nafasi. Nikakufikiria wewe. Ulikuwa darasa la tatu, na nilipokuwa nyumbani kila usiku ulikuwa unasukuma miguu yako katikati ya mapaja yangu ipate joto. Nililia palepale dukani, na muuzaji akadhani nimeungua.

Bosi, ambaye sote tunamwita baba, hakutaka kabisa. Walibishana garini mimi nikiwa nyuma na mtoto. Alisema baridi ya Riyadh ni ya wiki chache tu, kwamba kwa gharama ile mtu ananunua gari, kwamba hita ya kuchomeka ukutani ingetosha. Madam alikuwa na jibu moja. "Magoti ya mama yangu hayahesabu wiki." Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita jadda, yaani nyanya, alikuwa anahamia kwao. Wakakubaliana iwekwe chini tu, chumba cha jadda na sebule. Kule juu, ambako nami nilipewa kijichumba kando ya mashine ya kufulia, vigae vikabaki vitupu.

Fundi alikuwa Mmisri mmoja mnene, mpole, tukimwita usta Sabri. Nilikuwa nampelekea chai, halafu nakawia kuondoa vikombe ili nione. Kwanza alitandaza vibao vya povu gumu, vyeupe, kama vile vinavyofungiwa televisheni mpya, ili joto lisipotelee chini. Juu yake akalaza paipu, akienda na kurudi, akienda na kurudi, kama shosho anavyozungusha uzi akisuka kiondo. Akazijaza maji, akafunga kipimo, kisha akakaa. Siku nzima alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama kile kipimo na kunywa chai yangu.

"Usta," nikamwambia, "leo kazi mafi, hakuna?"

"Hii ndiyo kazi, Maryam. Nikiharakisha kumwaga saruji na kuna tundu dogo, nitarudi kuvunja nyumba ya watu."

Niliona ni uvivu wenye maelezo mazuri. Nilikuwa kijana bado, na kila kitu kilichochelewa nilikiona uvivu.

Ilipokwisha, madam akatandika juu yake zulia nene jekundu, ukuta kwa ukuta. Jadda akaingia, akakaa, akangoja, akasema, "Baridi ni ileile." Wee! Baba alitoka nje akazunguka gari lake mara kadhaa kabla ya kurudi. Usta Sabri akaitwa, akainua pembe ya zulia, akaingiza mkono. "Joto lipo," akasema, "lakini mmelivika koti." Zulia likakunjwa likapelekwa kwa ndugu, na jadda akakanyaga marumaru tupu, na uso wake ukalegea kama wa mtoto anayenyonya.

Nami kosa langu halikuchelewa. Kuna kidude ukutani cha kuongeza na kupunguza. Asubuhi moja ya baridi kali ya kwanza nilishuka, nikagusa chini, nikaona joto ni dogo. Nikaongeza. Nikachemsha chai, nikarudi, bado. Nikaongeza tena mpaka mwisho, nikaenda zangu kuosha vyombo. Jioni nyumba ilikuwa tanuri la mikate. Jadda alikuwa anajipepea kwa kandambili. Madam alifungua madirisha yote katikati ya majira ya baridi, akaniita kwa sauti iliyofika kwa jirani, "Maryam! Unatupika?" Nikazima. Gitau, haikuzimika. Kesho yake kutwa sakafu iliendelea kutoa joto ambalo hakuna aliyelitaka. Usta Sabri alipopigiwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Mwambieni Maryam hii si jiko la gesi," akasema. "Hii ukiigusa leo, inakujibu kesho."

Tukaizoea, nayo ikatuzoea. Asubuhi, kabla wenyewe hawajaamka, nilikuwa nashuka toka kwenye vigae vyangu vya juu, nalala chali hapa sebuleni kidogo. Mwanga wa Riyadh asubuhi ya baridi unaingia polepole, mweupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na harufu ya udi wa jana imebaki kwenye mapazia. Nilikuwa sijalala na sijaamka. Nikifumba macho sakafu ilikuwa inarefuka. Inapita chini ya mlango, inapita jangwani, inavuka Jeddah, inapanda mlima, mpaka inaingia kwetu kwa mlango wa nyuma, na mimi natembea juu yake peku, nyayo zote zikiwa na joto njia nzima. Nakukuta umelala chini bila blanketi, mikono umeitupa huku na huku kama mtoto aliyeshiba. Kila mara nilipoinama kukugusa, madam alikuwa anaita.

Siku moja si madam aliyenikuta. Alikuwa jadda. Nikaruka kusimama, akanionyesha kwa kiganja nikae. Akajishusha, polepole, akishikilia kochi, akakaa chini kando yangu na kunyoosha miguu yake yenye hina. Tukawa hivyo, wanawake wawili mgongo ukutani. Halafu akaniuliza, "Maryam, kwenu kuna baridi?"

"Nyingi, jadda."

"Na nani anawasha?"

Nikasema mama yangu ndiye anayewasha. Akatikisa kichwa akaangalia miguu yake. Lile swali sikulitilia maanani. Nilifikiri anauliza habari za moto.

Ndipo nikaanza kupanga. Usta Sabri aliporudi kukagua mashine nilimfuata uani nikamwuliza, nyumba ndogo ya vyumba vitatu, kwetu, itagharimu nini? Hakucheka. Alinihoji kama daktari. Umeme upo? Upo, lakini hupotea. Maji? Ya tangi la mvua. Utachemshia nini? Kuni. Chini ya sakafu kuna nini? Udongo. Akasema paipu ni kitu rahisi, bei ya mbuzi wachache tu, hata mimi naweza. Lakini bila vile vibao vya povu nitakuwa napasha moto udongo wa Kenya nzima. Na vibao vina bei. Na boila ya kuchemshia maji ina bei kuliko vibao. Na pampu ya kuzungusha maji inataka umeme usiolala, kwa hiyo betri. Na ukishanunua vyote hivyo, akasema, hujanunua joto bado. Joto lenyewe utalilipa kila mwezi maisha yako yote.

Kisha akafuta mikono akasema la mwisho. "Na jambo jingine, ya Maryam. Hii ni sakafu ya nyumba yenye watu. Inachukua muda kupata joto, kwa hiyo haifai kwa mtu wa kuja na kuondoka. Nyumba ambayo watu hawakai ndani yake, nunua hita ndogo, washa, zima, nenda zako."

Unajua mimi nilisikia nini katika hayo yote? Nilisikia kwamba paipu ni rahisi.

Madam alinipa robota la paipu lililobaki kwenye ujenzi, nikalituma kwa kago pamoja na sabuni na blanketi. Unalikumbuka lilipofika. Ulikata kipande ukafanya gurudumu la kukimbiza, shosho akakuchapa, ukanipigia simu ukilia, nami nikacheka kwa furaha kwa sababu paipu za sakafu yetu zilikuwa zimefika nyumbani.

Sasa nakuja kwenye lile ninalolionea haya. Pesa za kujenga nilipoanza kutuma, nilimpa shosho amri moja. Kuta zipandishwe, mabati yapigwe, madirisha yawekwe vioo, lakini mtu yeyote asithubutu kumwaga simiti ndani mpaka vitu vya kwenda chini ya paipu vifike. Simiti ikishamwagwa, nilisema, ndiyo basi. Shosho akasema, "Sawa, Mary." Akahamia nawe kwenye nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo na chini udongo mtupu. Kila asubuhi ananyunyiza maji, anafagia, na kila Julai ule udongo unapumua unyevu mpaka kwenye magodoro. Mimi huku nikawa nakaribia. Nikipata vibao, kumbe boila. Nikifikia boila, kumbe karo yako. Nikirudi kwenye boila, kumbe bei imepanda, kumbe betri. Kila kitu kilikuwa kinadai kingine ili cha kwanza kifanye kazi, na kila kimoja kilikuwa kinakula mkataba mzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka nikasahau kuinuka nitazame waliokuwa juu ya kitanda.

Ulikuwa unakohoa kwenye simu ukisema ni vumbi la viazi. Halafu ukapata ile simu ya video ya kwanza. Nilikuona umevaa jaketi ndani ya nyumba yako mwenyewe, pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na chini ya miguu yako umetandika gunia. Ulikuwa unatabasamu. "Mum, si uone nyumba," ukasema, ukazungusha simu unionyeshe madirisha. Kwa ajili ya sakafu ya joto nilikuwa nimekunyima hata sakafu ya baridi. Nililijua siku ile, na bado sikubadilisha amri, kwa maana nilikuwa nimebakiza kidogo. Sijui kama kuna maneno yamepoteza watu wengi Uarabuni kuliko hayo.

Nilipokuja likizo ulikuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni. Ulinipa mkono ukasema, "Habari yako," kama unavyomwambia mwalimu mkuu. Viatu nilivyokuletea havikupita hata vidole. Nami nikafanya yale niliyoyafanya kwenye kile kidude cha ukutani. Nikaongeza. Nikapika chapati kila siku, nikakufuata shambani, nikakuuliza maswali, nikakukumbatia mbele ya wenzako ukawa kama mti. Ukiwa bado kimya, nikaongeza tena. Mwisho nikakasirika nikakuambia huna shukrani, kwamba nimekesha kwenye nyumba za watu kwa ajili yako. Ulichukua jembe ukatoka.

Halafu siku ya kuondoka ulibeba begi langu mpaka stendi bila kuambiwa. Ulilifunga vizuri juu ya gari. Gari lilipoanza kwenda, uliweka kiganja chako kwenye kioo, upande wangu, ukatembea nacho hatua chache mpaka gari likakushinda. Ulikuwa ndio kwanza unapata joto, Gitau, na mimi nikaondoka. Nililia mpaka Naivasha, na sikuelewa nilicholilia.

Nimekielewa mwaka huu. Jadda alifariki baridi hii ilipoanza. Nyumba ilijaa watu siku za matanga, kahawa ikapikwa kwa madumu, kisha wote wakaondoka. Baba akaenda kwenye kabati la ukutani akafunga bomba la chumba cha jadda, maana hakuna haja tena. Kesho yake nikaingia kufagia. Nilivua viatu kama nilivyozoea. Sakafu ilikuwa bado na joto. Kitanda kimetandikwa, shanga zake za tasbihi zimetundikwa kwenye kiti, mwenyewe hayupo, na joto bado linapanda toka chini, taratibu, kama lilikuwa halijaambiwa. Niliketi pale alipokuwa akiketi. Jioni lilikuwa limepungua. Siku iliyofuata kilikuwa chumba cha kawaida. Ndipo swali lake likanirudia, na safari hii nikalisikia. Hakuwa ameuliza habari za moto. Alikuwa ameniona mimi, mama wa mtu, nimelala juu ya joto la mama yake madam, na mwanangu nimemwachia mwingine ampashe.

Na siku chache baadaye ukanipigia. Ulikuwa na furaha. Ukasema umepata kazi ya ulinzi Jeddah, ajenti ni mzuri, mkataba umeshasaini. "Mum, tukiwa wawili tutaimaliza hiyo sakafu haraka, halafu wewe urudi." Nikasema hongera. Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi. Niliona nyumba yetu. Niliona paipu zimelazwa vizuri, zikienda na kurudi, boila inaunguruma, betri zimejaa, sakafu ina joto chumba hadi chumba, na ndani hamna mtu ila shosho, amekaa peke yake, anangoja simu mbili badala ya moja.

Kwa hiyo nilimpigia fundi nikamwambia amwage simiti.

Hilo ndilo jibu lako, mwanangu. Mawe chini, karatasi ya nailoni kuzuia unyevu, simiti juu, na kwenye chumba cha shosho na chako ametandika mbao za saipresi, ambazo haziumi mguu asubuhi. Akiba ya boila imeingia hapo, na iliyobaki itanunua jiko la kuni lenye bomba la moshi, la kuwekwa pale katikati ambapo kila chumba kitaliona. Fundi hakuhitaji hata juma. Miaka yote ile, na fundi hakuhitaji juma! Nilipoona picha nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikalia kwa hasira juu yangu mwenyewe. Paipu mwachie shosho amwagilie kabichi.

Sikuzuii kwenda. Wewe ni mwanamume sasa, na kazi ni kazi, na huenda Jeddah ina lako ambalo mimi silijui. Ninachokuomba ni kwamba usiende kwa ajili ya sakafu yangu. Sakafu imekwisha. Kama unaenda, nenda kwa ajili ya kitu chako, kitaje jina, ujue kinaishia wapi. Usiruhusu kianze kudai vingine.

Chumba chenu najua ni huko Al-Mahjar, wengi humo, vitanda vya ghorofa, eisi, ile mashine ya kupoza hewa, inadondosha maji kwenye beseni. Utavua viatu ukanyage vigae na utaona raha, maana Jeddah hakuna anayetafuta joto. Rehema alinicheka sana tulipokutana Kandara ya huko Jeddah, siku ile nilipomwambia najiwekea akiba ya boila. Tulikuwa tumesimama nje ya duka la simu, jasho linatutoka mpaka viwikoni. "Shoga yangu," akasema, "watu wote hapa wanunua baridi, wewe wanunua moto? Kwa hiyo kasi yako utafika lini?" Nikamwambia kawia ufike. Akanitazama, akaacha kucheka. "Hiyo ni kwa anayekwenda," akasema. "Wewe umesimama." Nilimnunia kutwa. Mpende huyo mama, atakuambia ukweli hata hukumwuliza.

Jioni, chumba chenu kitajaa simu za nyumbani. Utasikia wanaume wazima wakiahidi mabati, pikipiki, ng'ombe. Ni tamu, ile. Unaongea, na kwa muda ule unajiona uko pale kati yao. Mimi nimeishi miaka kwa utamu huo. Lakini ukipiga simu kwetu, usiulize tunataka nini. Uliza leo tumekaa wapi, tumekanyaga nini, nani amekohoa. Mimi sikuuliza hata mara moja kama mna baridi, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimelipanga la baadaye.

Sasa ninalo jambo moja ambalo shosho analijua na nilimwapisha asikuambie. Nimemwambia madam halas, basi, narudi nyumbani. Nilisema nikingoja akasirike. Alikuwa amebeba mashuka ya mama yake. Akayaweka chini, akasema, "Rudi kwa mama yako, Maryam, wakati yupo." Eksiti, ile ruhusa ya kuondoka nchini, imetoka. Kesho wanakwenda Jeddah kwa gari, nyumba hii imewalemea tangu jadda aondoke, na mimi naenda nao, kwa maana tiketi yangu ya Nairobi inaanzia kule. Ndege yangu ni ya asubuhi ileile ambayo yako inatua.

Nilipomweleza baba, alivua miwani akaifuta. Halafu akasema atanipeleka mapema, kabla ya alfajiri, nisimame kule wanakotokea wanaofika. Huenda watu wa kampuni yenu wakawa na haraka, wakawapanga mstari na kuwaingiza basini. Huenda tukapata muda wa kusalimiana tu. Tafuta mwanamke mfupi mwenye abaya nyeusi na begi la blanketi. Tutakuwa wengi wenye abaya nyeusi, kwa hiyo nitakuwa yule anayelia.

Usijilazimishe kunikumbatia, Gitau. Usifikirie neno zuri la kusema. Kama utanipa mkono na kusema habari yako, nipe huo mkono. Nitaushika, na hata ukiwa baridi sitaongeza kitu. Nitakaa nao hivyo hivyo kwa muda watakaotupa, kisha nitauachia, nipande ndege yangu niende nyumbani, niwashe jiko nikae. Nitakaa. Siku utakayorudi, iwe umemaliza mkataba au umechoka katikati, huna haja ya kutuarifu tupashe nyumba moto. Utakuta ina joto tayari.

Mama yako,
Mary